Hekalu la Kigiriki kwenye uwanja wa mpira: namna ya kulipima, kulisimamisha na kuonyesha ibada yake

Mwanafunzi wa Mtwara au Lindi akisikia neno "hekalu", anaona watu wamejaa ndani wakisali. Ana haki ya kufikiri hivyo. Msikiti wa mtaani kwake na kanisa la jirani vimejengwa ili watu waingie, na hata ukisimama leo kati ya nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unaona wazi kwamba hapo palipangwa safu za waumini. Hekalu la Wagiriki wa kale halikufanya kazi hiyo. Lilikuwa nyumba ya mungu, mahali pa kukaa sanamu yake na mali zake. Neno lao, naos, linatokana na kitenzi cha kukaa mahali. Watu walifanya ibada nje, kwenye madhabahu, juani.

Jambo hili ukiliandika ubaoni linasahaulika kabla ya mtihani. Wanafunzi wakilitembea kwa miguu linabaki. Ndiyo maana tunapendekeza kuchora hekalu zima uwanjani kwa ukubwa wake halisi, kuwasimamisha wanafunzi mahali pa nguzo, kisha kupita hatua za ibada moja baada ya nyingine. Asubuhi moja inatosha ukiwa na wasaidizi watatu waliokwisha kushika futi ya kupimia.

Hekalu la kuchagua

Chukua hekalu la Hephaistos lililoko Athens, kwenye kilima cha Kolonos Agoraios juu ya soko la kale. Hephaistos alikuwa mungu wa moto na wahunzi, na mafundi wa shaba walifanya kazi chini ya kilima hichohicho. Ujenzi ulianza karibu mwaka 449 KK. Hekalu bado limesimama karibu lote kwa sababu baadaye liligeuzwa kanisa la Mtakatifu George, na jengo linalotumika hutunzwa.

Jukwaa lake la juu, pale nguzo zinaposimama, lina upana wa mita 13.71 na urefu wa mita 31.78. Linaingia kwenye uwanja wowote wa shule na nafasi ya madhabahu inabaki. Wengi hutamani Parthenon, hekalu kubwa la mungu wa kike Athena hukohuko Athens. Hiyo ina mita 30.88 kwa 69.50 na nguzo 46, kwa hiyo utahitaji karibu uwanja mzima na madarasa mawili. Tena sakafu yake imetunishwa katikati, kama sentimita 11 kwenye pande ndefu, na uzuri huo hauonekani kwa kamba na majivu. Anza na la Hephaistos.

Vifaa

- Futi ndefu ya mita 50, ile ya wapima viwanja. Ya mita 30 inafaa pia, kwa tahadhari itakayoelezwa.
- Kamba nyembamba mita 200. Mzunguko wa jukwaa pekee unakula mita 91.
- Vigingi 60 vya mti au mwanzi, kila kimoja urefu wa sm 30, na nyundo mbili.
- Majivu ya jikoni, debe mbili au tatu.
- Mwanzi mmoja mrefu wa karibu mita 6.
- Beseni la maji, kikapu, na kibaba cha nafaka. Wagiriki walitumia shayiri. Mtama unafaa kwa onyesho.

Kamba ni ya kunyoosha mstari tu, usiitumie kupimia. Kamba ya mkonge ikilowa umande hufupika, na ya nailoni ukiivuta hurefuka. Kwenye urefu wa mita 31 kosa la namna hiyo linatosha kuondoa nguzo mahali pake. Vipimo vyote vitoke kwenye futi. Chokaa huandika vizuri kuliko majivu, lakini huunguza macho na ngozi, na wanafunzi watakuwa wakiikanyaga asubuhi nzima. Tumia majivu. Msimu wa kusi upepo huyapeperusha, basi yanyunyizie maji kidogo kabla ya kuyamwaga.

Kutafuta mashariki

Mahekalu mengi ya Kigiriki, ingawa si yote, yalielekea mashariki, na mlango wake ukatazama madhabahu. La Apollo kule Bassai linatazama kaskazini. Kwa somo hili elekeza lako mashariki.

Huku kwetu kuna njia rahisi ambayo mwalimu wa Dodoma au Kigoma hana. Makka iko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo na Mtwara na Lindi, hivyo kibla hapa ni kaskazini, na tofauti haifiki digrii moja. Simama mbele ya msikiti uliopangwa vizuri, tazama upande wa kibla: mkono wako wa kulia ni mashariki.

Kama hakuna msikiti karibu, tumia kivuli. Simika kijiti cha mita moja wima, uchore duara kukizunguka kwa kamba. Weka alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, kama saa tatu, na tena inapoligusa alasiri, kama saa tisa na nusu. Mstari unaounganisha alama hizo mbili unakwenda mashariki na magharibi. Alama ya asubuhi ndiyo ya magharibi. Fanya kazi hii siku moja kabla. Usijaribu kufupisha kwa kutazama kivuli saa sita kamili ya saa ya mkononi. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45, nasi tuko karibu na 40, kwa hiyo jua la Mtwara hufika katikati ya anga saa sita na dakika kama 20 kwa wastani. Kila anayesikia adhana ya adhuhuri anajua kwamba haitolewi saa sita juu ya alama.

Pembe nne

Piga kigingi cha kwanza kwenye pembe ya kusini-mashariki. Kutoka hapo nyoosha kamba kuelekea magharibi na upime mita 31.78. Hiyo ni pembe ya pili, na huo ndio upande wa kusini.

Sasa unahitaji pembemraba. Kwenye kamba ya kusini weka alama mita 12 kutoka kigingi cha kwanza. Msaidizi mmoja ashike futi kwenye kigingi hicho na kwenda kaskazini kwa mita 9. Mwingine ashike kwenye alama ya mita 12 na kuleta mita 15. Zinapokutana mita 9 na mita 15, hapo ndipo mstari wa kaskazini unapopita. Endeleza mstari huo hadi mita 13.71. Mafundi wetu hutumia 3, 4 na 5, na hesabu ni ileile, ila pembetatu ndogo hukuza kosa. Sentimita moja iliyopotea kwenye mita 3 inakuwa karibu tano ukifika mita 13.

Fanya hivyo pia upande wa magharibi, kisha kagua kwa mishazari. Kila mshazari uwe mita 34.61. Mwenye futi ya mita 30 anyooshe kwanza kamba kutoka pembe hadi pembe, apige kigingi cha kati kwenye mita 20, halafu apime iliyobaki mita 14.61.

Mishazari ikitofautiana wakati pande zote ziko sawa, umechora msambamba badala ya mstatili. Usisogeze kigingi kimoja. Sogeza viwili vya magharibi kwa pamoja, upande ule utakaofupisha mshazari mrefu, ukitumia kanuni hii: tofauti ya sm 8 kati ya mishazari ni mchepuko wa karibu sm 10. Ukisogeza kimoja tu utaharibu upana, na kosa litakufuata hadi kwenye nguzo.

Pembe zikikaa, mwaga majivu juu ya kamba pande zote nne. Nje ya mstari huo chora miwili mingine kwa makadirio ya hatua fupi. Hizo ni ngazi. Hekalu lina ngazi tatu: ya chini kabisa ya mawe ya chokaa, mbili za juu za marumaru, na ile ya juu ndiyo jukwaa lenyewe.

Nguzo 34, na kosa la karibu kila mtu

Nguzo ni 6 mbele, 6 nyuma, na 13 kila ubavu, ukihesabu za pembeni pande zote mbili. Jumla ni 34. Ukipata 38 umehesabu pembe mara mbili.

Kila nguzo ina kipenyo cha mita 1.02 chini. Kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya inayofuata ni mita 2.58. Mtu akisoma hivyo huanza kupiga vigingi kila mita 2.58 kutoka pembeni, na akifika mwisho nguzo ya sita inaning'inia nje ya jukwaa kwa zaidi ya sm 20. Hapo wengi hulaumu futi. Futi haina kosa.

Sababu iko juu, mahali ambapo huwezi kuichora chini. Juu ya nguzo za mtindo wa Doriki, ambao ndio mtindo wa ujenzi wa hekalu hili, unapita ukanda wenye vibao vya michirizi, vinavyoitwa triglifu. Kanuni ilitaka kibao kimoja katikati ya kila nguzo na kimoja katikati ya kila nafasi. Ilitaka pia ukanda umalizikie pembeni kwa kibao, si kwa nafasi tupu. Kanuni hizo mbili haziwezi kutimia pamoja, kwa kuwa kibao cha pembeni kinakaa ukingoni na kuiacha katikati ya nguzo. Wajenzi walitatua jambo hilo kwa kuisogeza nguzo ya pembeni ndani: nafasi ya mwisho kila upande ni mita 2.41 tu, pungufu kwa sm 17. Kwa macho yetu hili ndilo jambo bora kabisa la kuwafundisha wanafunzi siku hiyo, maana wanaona kwamba jengo lililotulia hivyo lina mvutano ndani yake, na kwamba kuna mtu aliyeketi akafanya hesabu.

Basi pima hivi, ukianzia ukingo wa jukwaa kila mara, futi ikiwa imetandikwa moja kwa moja bila kuinuliwa. Ukipima nafasi moja moja, makosa madogo hujumlishana.

Mbele na nyuma, vituo vya nguzo viko kwenye mita 0.57, 2.98, 5.56, 8.15, 10.73 na 13.14.

Ubavuni: 0.57, 2.98, 5.56, 8.14, 10.72, 13.30, 15.88, 18.46, 21.05, 23.63, 26.21, 28.79 na 31.21.

Vituo vyote viwe sm 57 ndani ya ukingo. Funga kamba ya sm 51 kwenye kila kigingi, uzungushe na kuchora duara. Kisha ng'oa kigingi, maana mtoto atakikanyaga. Kati ya duara na duara inabaki nafasi kama mita moja na nusu. Wanafunzi wawili wanapita bega kwa bega, watatu wanabanana.

Mwanafunzi mmoja asimame ndani ya kila duara. Wachukue mwanzi ule mrefu, mfunge kitambaa kwenye mita 5.71, na watu wawili wausimamishe ndani ya duara la pembeni. Huo ni urefu wa nguzo pamoja na kichwa chake. Waeleze kwamba nguzo hizo hazina kitako, zinaota moja kwa moja kutoka sakafuni, na kila moja imechongwa michirizi 20 kuanzia chini hadi juu. Waeleze pia kwamba marumaru haikuachwa nyeupe yote. Sehemu za juu zilipakwa rangi, hasa buluu na nyekundu.

Nyumba ya ndani

Kuta za ndani zinafuata, kwa kukaribia, mstari wa nguzo ya pili na ya tano za mbele. Nyoosha kamba mbili kutoka hapo kuelekea magharibi. Upande wa mashariki kuta zinaanzia usawa wa nguzo ya tatu ya ubavuni, yaani mita 5.56 kutoka ukingoni. Nyuma zinamalizikia kati ya nguzo ya pili na ya tatu, na hivyo ukumbi wa nyuma ni mwembamba kuliko wa mbele. Tofauti hiyo ni ya makusudi. Mbele ndiko palikotazamwa.

Kata eneo hilo sehemu tatu: kibaraza cha mbele chenye nguzo mbili kati ya ncha za kuta, chumba chenye sanamu, na kibaraza cha nyuma kilichofungwa upande wa chumba, nacho kina nguzo mbili. Nguzo hizo nne zinafanya wanafunzi waliosimama wawe 38.

Chumbani palikuwa na sanamu za shaba za Hephaistos na Athena. Weka mwanafunzi mmoja hapo, uso mashariki, kisha mwulize anaona nini. Anaona mlango, safu ya nguzo, na mbele kabisa uwanja. Bado hajui ni kwa nini.

Madhabahu

Toka nje. Nenda mashariki kama mita 10 kutoka ngazi ya chini, kwenye mstari wa katikati ya mlango, na chora mstatili wa mita 3 kwa 1.5. Vipimo hivyo ni vya zoezi, kwa sababu madhabahu zilitofautiana sana. Ile ya mfalme Hieron wa Pili kule Syracuse ilikaribia mita 200 kwa urefu, na ya Zeus, mkuu wa miungu yao, kule Olympia haikuwa ya mawe. Ilikuwa kilima cha majivu ya wanyama waliochomwa mwaka hadi mwaka, yaliyokandwa kwa maji ya mto Alpheios.

Kumbuka kwamba hekalu lingeweza kukosekana na ibada ikafanyika. Madhabahu haikukosekana. Eneo zima lilizungushiwa mipaka na kuitwa temenos, neno la kukata, kama shamba lililokatwa kwenye ardhi ya kawaida. Zungusha kamba eneo lako lote, uache mlango mmoja, na weka beseni hapo. Aliyetoka kwenye msiba au nyumba ya uzazi hakuruhusiwa kupita kabla ya siku zake kwisha na kujitakasa.

Kupita hatua za ibada

Kabla ya kuanza, mweleze mkuu wa shule na wazazi kwamba hili ni somo la historia. Wanafunzi wasitamke dua kwa miungu ya Kigiriki. Pale penye dua, mwalimu aeleze tu kilichosemwa. Usichinje kitu. Tumia mkate wenye umbo la ng'ombe: Wagiriki wenyewe walitoa pia mikate na vitumbua, hasa asiyemudu mnyama.

Katika darasa la watu 60, ukiondoa nguzo 38 na yule wa chumbani, wanabaki 21 wa maandamano. Wapange nje ya kamba. Mbele atangulie msichana mwenye kikapu kichwani. Ndani ya kikapu mna nafaka, na chini ya nafaka kisu kimefichwa. Afuate mwenye beseni, kisha mpiga zumari. Chombo chao, aulos, kilikuwa filimbi mbili zilizopulizwa pamoja, na mlio wake unakaribia zumari la pwani kuliko chombo chochote cha darasani. Nyuma yake mnyama aliyefungwa utepe, kuhani, na watu.

Maandamano yanaizunguka madhabahu. Kila mmoja ananyunyiziwa maji mikononi. Mnyama naye ananyunyiziwa kichwani. Wote wanachukua punje na kuzirusha kuelekea madhabahu. Kuhani anatoa kisu, anakata nywele chache za paji la mnyama na kuzitia motoni. Dua inasemwa kwa sauti, mikono imeinuliwa.

Hapa ndipo somo linapogusa nyumbani. Kisu kinaposhuka, wanawake wote walipiga ukelele mrefu wa juu ulioitwa ololyge. Hauhitaji maelezo Mtwara wala Lindi. Waambie wasichana wapige vigelegele, na kila aliye uwanjani ataelewa kwamba ile ilikuwa sherehe.

Damu ilikingwa katika bakuli na kumwagiwa madhabahu. Kisha mgawanyo, na wanafunzi hushangaa hapa: miungu ilipewa mifupa ya mapaja iliyofungwa kwa mafuta, ikachomwa na kumiminiwa divai. Moshi ndio uliopanda juu. Mkia uliwekwa motoni nao ukatazamwa, na ukijikunja ilikuwa ishara njema. Maini, moyo na figo vilichomwa kwenye vijiti na kuliwa kwanza na waliokaribu. Nyama iliyobaki ilichemshwa na kugawiwa watu kwa mafungu. Ngozi mara nyingi ilikwenda kwa kuhani. Wagiriki walieleza mgawanyo huo kwa kisa cha Prometheus aliyemghilibu Zeus kwa kuifunika mifupa na mafuta meupe ili achague fungu baya. Mwanafunzi akiuliza kama hii ni sawa na udhiya, jibu waziwazi kwamba siyo: huku moshi wenyewe ulihesabiwa kuwa fungu la mungu.

Kata mkate sasa, na ugawe sawasawa.

Kosa linalojirudia ni maandamano kupandisha ngazi na kuingia hekaluni. Yasimamishe palepale na uyarudishe nje. Si kwamba mlango ulifungwa siku zote. Mtu aliweza kuingia, kusema haja yake mbele ya sanamu, kuacha zawadi. Ila mkusanyiko haukuingia. Kisha mwite yule uliyemsimamisha chumbani atoke na aseme aliona nini wakati wa vigelegele. Aliona madhabahu, moto na watu wote, kupitia mlango uliofunguliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Ukichagua ufukweni

Mchanga mgumu unaoachwa na maji ya bamvua unachorwa kwa kijiti bila majivu, na hekalu linalotazama bahari asubuhi linapendeza sana. Soma kwanza kalenda ya maji. Kati ya kupwa na kujaa kuna saa sita na kidogo. Anza kupima saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa, na uwe umemaliza ibada saa mbili baada ya hapo. Usipige vigingi kwenye mchanga wenye majimaji, vitalegea. Na kwa kuwa hekalu linatazama mashariki, ufukwe wako ukiwa upande huo madhabahu ndiyo iliyo karibu na bahari, na ndiyo itakayochukuliwa kwanza. Anza kuichora hiyo, uone maji yalikoishia jana, kisha urudi nyuma kupima jukwaa.